Kikohozi na Ndege ya Shemeji

Siku Shemeji alipoleta sabuni gereji, Mjomba aliipokea kwa vidole viwili, akainusa upande mmoja, akainusa upande wa pili, kisha akaiweka dirishani juu ya bomba, taratibu, kama mtu anayeweka kitu kinachoweza kulipuka.

"Ni ya kuondolea grisi, Mjomba," Shemeji alisema. "Kule kwenye mabanda ya ndege ndiyo tunayonawia. Unanawa mara moja tu, mikono inarudi kama ya karani wa benki."

"Nani kakwambia nataka mikono ya karani wa benki?"

Shemeji akacheka. Mjomba hakucheka. Mimi nilikuwa chini ya gari, nacheka kimyakimya hadi tumbo linauma, kwa sababu nilijua sabuni ile haitaguswa. Na kweli, ilikaa pale ikapata vumbi, sisi tukaendelea kunawa kwa mafuta ya taa na maranda ya mbao, tunanuka kama kibatari kilichozimwa.

Namwita Shemeji, lakini wakati ule hakuwa shemeji wa mtu. Alikuwa fundi wa ndege za kivita katika kambi ya jeshi la anga iliyo nje ya mji, kijana mrefu, mwenye heshima nyingi mno kwa mtu asiye na la kuficha. Maneno hayo ni ya Mjomba, si yangu. Kwetu aliingia kwa njia ya zipu. Dada yangu ni mshonaji. Cherehani yake iko chumba cha pili, ukuta mmoja na gereji, na dirisha la kati halina kioo, kwa hiyo sisi tunasikia siri za wateja wake na wao wanasikia matusi yetu. Huyu bwana alileta suruali yenye zipu mbovu. Ikashonwa. Wiki hiyohiyo ikaharibika tena. Iliporudi mara ya tatu niliichungulia, nikaona meno ya zipu yamepindwa kwa koleo. Sasa wewe niambie: fundi anayefungua na kufunga ndege nzima, ashindwe na zipu?

Mimi nilicheka. Mjomba alikunja ndita. Kwani wiki ileile zipu ilipoanza kuugua, kambi ilikuwa imetangaza kwamba kwenye sherehe zake itashindanisha ndege ya kivita na gari lenye mbio kuliko yote mjini, juu ya njia ya kurukia ndege, na watu wote wakaribie kutazama. Na gari lenye mbio kuliko yote mjini, bila kutia chumvi, ni letu. Linaitwa Kikohozi kwa sababu ya namna linavyowaka asubuhi. Ukilisikia utaliambia pole. Likishapata moto, utajiambia pole mwenyewe. Mjomba amelijenga kipande kwa kipande, injini ya gari hili, gia za gari lile, na mlango mmoja mwekundu ambao hadi leo hajaupatia rangi ya wenzake. Mimi ndiye dereva. Si kwa kipaji, ni kwa uzito: nina uzito wa ovaroli iliyoanikwa. Pale gereji wananiita Unyoya.

"Katika wanaume wote wa mji huu," Mjomba alisema Shemeji alipoondoka, "mpwa wangu amependwa na yule anayekaza nati za ndege tutakayoshindana nayo. Na amempenda wiki hii. Si mwaka jana. Wiki hii."

"Mapenzi hayana ratiba, Mjomba," Dada alijibu kupitia dirishani.

"Mapenzi hayana. Ujasusi ndio unayo." Akanigeukia. "Unyoya, kuanzia leo wewe ni macho yangu. Akiingia, muone. Akitoka, muone. Akigusa gari, nataka nijue amegusa kwa mkono upi."

Kazi ya upelelezi ilinipendeza kuliko kazi ya kubadili oili. Nilibandika unywele kwenye ukingo wa boneti, nijue kama imefunguliwa. Siku moja nikakuta haupo. Nikapiga yowe, gereji nzima ikasimama, Mjomba akashika spana. Kumbe aliyefungua boneti ni yeye mwenyewe, asubuhi, na hata hivyo alinihoji nusu saa kabla ya kukumbuka.

*

Kabla ya sherehe kulikuwa na majaribio kule kambini, magari yote ya mbio yakimbie, la kwanza ndilo likutane na ndege. Shemeji alipita jioni iliyotangulia.

"Mjomba, kesho msiende geti kubwa. Wanakagua kila gari mpaka chini ya mazulia. Piteni geti dogo la nyuma, walinzi wa pale nimeshaongea nao."

Mjomba alimsikiliza kwa makini, akaitikia kwa kichwa, akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi akasema, "Geti kubwa."

"Lakini amesema..."

"Ndiyo maana. Sikiliza, Unyoya. Mtu wa upande wa pili akikushauri, usimkatalie. Msikilize sana, mshukuru, kisha fanya kinyume chake. Mimi nimeishi hivyo na sijawahi kutapeliwa."

Kutapeliwa kweli hajatapeliwa. Ila kesho yake tulikaa geti kubwa mpaka jua likatuchemsha ubongo. Walinzi walitoa viti, wakatoa matairi, mmoja akakinusa kitambaa changu cha jasho akajuta. Tulipofika uwanjani madereva wengine walishapasha injini zao moto na wanakunywa soda kivulini. Ungedhani Mjomba angejifunza.

"Umeona tulivyokaguliwa?" aliniambia. "Unadhani nani aliwaambia watukague?"

Tukiwa tunajipanga, Shemeji akaja mbio na ovaroli yake ya kijani. "Shikamoo, Mjomba. Nilikuwa nawangoja kule nyuma. Basi punguzeni upepo kidogo matairi ya nyuma. Sakafu hii ngumu, tairi likiwa limevimba halishiki."

"Marahaba. Asante sana, mwanangu," Mjomba alisema, akachukua pampu, akaongeza.

Bendera ilipoanguka, magurudumu ya Kikohozi yalizunguka palepale yakilia na kutoa moshi, kama mtu anayekimbizwa ndotoni. Tulishinda, ndiyo, lakini kwa pua, na tulishinda kwa sababu wale wengine walikuwa na magari ya kupigia picha. Dada alikuwa amesimama kando na chupa yangu ya maji. Alimtazama Mjomba, akaitazama pampu, akamtazama Shemeji aliyebaki mdomo wazi. Dada yangu akitazama namna ile ujue kuna kitu anakipima kabla hajakikata.

*

Wiki iliyofuata Shemeji alikuja bila zipu. Alivaa shati lililopigwa pasi hadi ukosi unaweza kukata mkate, akaomba kuzungumza na Mjomba, akaeleza kwa adabu kwamba angependa kuleta wazee wake nyumbani. Mimi na Dada hatuna baba wala mama. Ukitaka kumuoa dada yangu, mlango ni Mjomba, na mlango huo una komeo ndani na nje.

Mjomba aliendelea kufuta spana moja muda mrefu.

"Kijana," akasema, "wewe unatengeneza ndege, mimi natengeneza gari, na Jumamosi tunakutana. Tukishinda, wazee wako walete, nitawapokea kwa mikono miwili. Tukishindwa, nitakuwa nimejua ulikuwa unakuja hapa kufanya nini."

"Na ukishajua, Mjomba?"

"Nitafanya kinachostahili."

Chumba cha pili cherehani ikanyamaza. Hapo ndoa ya dada yangu ilikuwa imefungwa kwenye bampa ya Kikohozi, na usukani ninao mimi.

Usifikiri kushinda ndege ni ndoto. Mjomba alinichorea sakafuni kwa chaki. Ndege ya kivita ni nzito. Mwanzoni inajikokota kama mtu aliyeamshwa kwa lazima. Gari linaondoka kwanza. Lakini ndege ikishaamka, haikimbii tena, inarushwa. Kwa hiyo gari lifike mstarini kabla ndege haijaamka. "Mashindano yote yako hapa," akasema, akapiga chaki kwenye kuondoka. "Matairi yakishika mara moja, tumeshinda. Yakiteleza hata kidogo, kunja jamvi."

Siku mbili kabla ya Jumamosi, Shemeji akaja tena. Safari hii hakukaa. Alisimama mlangoni, anazungushazungusha kofia yake.

"Mjomba, kuna jambo moja. Mgeni ndiye anayechagua upande wa njia. Dereva akifika mstarini ananyoosha mkono, wa kushoto au wa kulia, na hapo hakuna kubadilisha." Akaigeuza kofia juu chini. "Chagueni kushoto. Kushoto ndiko kunakoshika."

Nilikuwa namchunguza kama nilivyoagizwa. Alisema "kushoto" huku anaangalia ndoo ya oili chafu. Sikio lake lilikuwa limewiva. Na chumba cha pili cherehani, iliyokuwa inaunguruma tangu asubuhi, ilikuwa imesimama tena, kama inasikiliza.

"Kushoto," Mjomba alirudia. "Asante sana, mwanangu. Mungu akubariki."

Shemeji alipogeuka kona tu, Mjomba akapiga kofi la furaha. "Umemuona? Umeona macho? Mtu anaongea na ndoo! Huyo leo amenidanganya, nimemnusa. Unyoya, Jumamosi mkono upi?"

"Wa kulia, Mjomba."

"Inua nione."

Nikainua. Dirishani nikamuona Dada anatabasamu na pini mdomoni. Nikadhani ananicheka.

*

Jumamosi tulifika mapema, kwa geti dogo, maana Shemeji safari hii alituambia tupite geti kubwa. Walinzi walitupungia mkono. Mjomba akanitazama kwa ushindi, kana kwamba geti lile amelijenga yeye.

Kikohozi tulikiegesha pembeni mwa njia ya ndege. Mjomba akaenda kusalimiana na watu waliokuwa wanamwita Mhandisi, jina analolikanusha akiwa ameshalifurahia. Mimi nikabaki na gari, nimejificha upande wa mlango mwekundu, napeleleza.

Nikaona jambo la ajabu. Wanajeshi, wadogo kwa wakubwa, walijipanga mstari mmoja toka ukingo hadi ukingo wa ile njia, wakaanza kutembea polepole, vichwa chini, kama watu waliopoteza pete. Kila baada ya muda mmoja anainama, anaokota, anatia kwenye kimfuko. Shemeji alikuwa katikati yao. Baadaye nilielezwa kwamba hufanya hivyo kila asubuhi: ndege ya kivita ikiwasha injini inavuta kila kitu kilicho mbele yake, na kijiwe tu kinatosha kuiua. Lakini wakati ule nilichoona ni watu wanaotafuta kitu karibu na gari letu.

Na mstari ulipotufikia, Shemeji akachomoka. Akaja moja kwa moja kwa Kikohozi. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama, akaingiza mkono chini ya gari, karibu na gurudumu la mbele. Alipoinuka mkono ulikuwa unaelekea mfukoni.

Nikaruka kama paka aliyemwagiwa maji. "Umechukua nini hapo?"

Alishtuka hadi kofia ikamtoka. "Unyoya! Utaniua."

"Fungua mkono, wewe. Nimekuona. Fungua!"

Akafungua. Nati. Ndogo, ina grisi yetu, ile nyeusi.

"Mmeng'oa nati ya gari letu!"

"Ilikuwa chini, imelala kwenye sakafu. Hebu njoo uone." Akanishika bega, tukalala kifudifudi wote wawili, yeye na ovaroli yake safi. "Unaona hiyo bolti ya fimbo ya usukani? Haina nati. Nani alifunga hapo?"

Nilifunga mimi, jana. Gereji yetu tuna mtindo: nati inafungwa kwa vidole kwanza, unamaliza kazi nyingine, mwisho unarudi kukaza zote kwa spana. Na jana, nilipokuwa narudi kukaza, Mjomba aliniita niinue mkono wa kulia tena mbele ya jirani.

"Kwa mwendo mtakaokimbia," Shemeji alisema taratibu, "usukani ungebaki mikononi mwako, gari likaenda linakotaka." Akachomoa spana kwenye mfuko wake, akakaza mwenyewe, akajaribu kwa mkono, akajaribu tena, akanipangusa vumbi kifuani. "Usimwambie Mjomba. Atasema niliilegeza mimi."

Kweli angesema. Mimi mwenyewe ndicho nilichotaka kusema.

Akaondoka mbio kurudi mstarini. Nikakaa kwenye usukani. Huyu mtu angeweza kuiacha nati ile ikae pale, au kuitia mfukoni na kwenda zake, ndege yake ikashinda, na hakuna ambaye angejua. Badala yake amelala kwenye vumbi kunifungia. Huyu ni mtu mkweli. Na sisi tumemfanyia nini? Tumemchunguza kama mwizi wa kuku. Ametuambia geti dogo, tukaenda kubwa. Ametuambia tupunguze upepo, tukaongeza. Leo ametuambia kushoto.

Na mimi nimeelekezwa nini? Kulia.

Nikajiona mjinga wa mwisho.

*

Ndege ilivutwa hadi nyuma ya mstari, ingoje upande nitakaouacha, ya kijivu, pua imeelekea mbele kama imeshaniona na haijavutiwa. Rubani alinipungia mkono. Nikampungia, helmeti yangu kubwa ikashuka hadi puani. Kikohozi kilikohoa mara tatu, umati ukacheka; kikaunguruma, umati ukanyamaza. Mshika bendera akaja dirishani kwangu. "Dereva, upande?"

Upande wa mbali Mjomba alikuwa ameinua mkono wake wa kulia, anautikisa, nisije nikasahau.

Nikanyoosha wa kushoto.

Mjomba aliganda na mkono juu. Lakini aliyenishtua ni Shemeji. Alikuwa amesimama chini ya bawa la ndege, na aliponiona alishika kichwa kwa mikono miwili, akachuchumaa. Kwenye viti vya watazamaji Dada alikuwa amepanda juu ya kiti, anapiga kelele ambazo sikuzisikia, anaonyesha kulia kwa mikono yote miwili kama anayeongoza magari.

Nikajiambia, wanashangilia.

Tukapangwa, bendera ikaanguka. Nikaachia klachi, nikakanyaga mafuta, na Kikohozi kikacheza. Sina neno jingine. Nyuma ilikwenda huku, ikaja huku, magurudumu yakalia, nami nikahisi kama tumesimama kwenye sinia lililopakwa mafuta. Nikaachia, nikakanyaga taratibu, hatimaye yakashika, na hapo tukaruka. Ndege bado ilikuwa inajikokota ubavuni. Tulikuwa mbele! Usukani ulikuwa imara mikononi kama umeota pale. Gia ya tatu, ya nne, mbele bado sisi, nauona mstari, namuona hadi mshika bendera wa mwisho na meno yake. Kisha kelele ikaja ambayo sikuisikia kwa masikio, niliisikia kwa mbavu, na kitu cha kijivu kikapita juu ya bega langu, magurudumu yake yakiwa yameshaachana na ardhi.

Urefu wa gari moja. Huo ndio tulioshindwa.

*

Tuliporudi gereji, Mjomba alivua kofia, akaketi juu ya tairi, akanitazama.

"Mkono wa kushoto," akasema, "ni upi?"

"Mjomba, nilidhani..."

"Hukuajiriwa kudhani."

Nikamweleza kuhusu nati. Yote, hadi fimbo ya usukani. Alisikiliza, akafunga macho kidogo pale niliposema usukani ungebaki mikononi. Alipoyafungua nikaona hasira imehamia kwa mtu mwingine.

"Umeona mchezo? Anakuokoa asubuhi ili umwamini mchana. Kushoto alisema yeye. Kushoto ndiko tulikoteleza. Wanasheria wanasubiri nini zaidi?"

Na mtuhumiwa mwenyewe akaingia. Alikuja moja kwa moja kutoka kambini, na ovaroli, na vumbi lile la asubuhi bado liko kifuani.

"Shikamoo, Mjomba."

Mjomba hakuitikia. Kwa Mjomba, kutoitikia shikamoo ni sawa na kumrushia mtu tofali.

"Nimekuja kusema kweli," Shemeji akasema. "Niliwadanganya."

"Anakiri!" Mjomba akasimama. "Unyoya, wewe shahidi. Anakiri kwa mdomo wake!"

"Upande wa kushoto wamepaka dawa ya kuziba nyufa wiki iliyopita. Natembea juu yake kila asubuhi kuokota mawe, viatu vinateleza. Ndege haijali, haisukumwi na magurudumu, lakini gari linajali. Upande mzuri ulikuwa kulia. Nilijua toka mwanzo."

"Na ukasema kushoto!"

"Nikasema kushoto ili mwende kulia, Mjomba."

"Rudia," Mjomba akasema.

Mimi sikuhitaji kurudiwa. Shule ya sekondari sikuisoma bure; nilikumbuka hesabu zile za hasi mara hasi. Shemeji kageuza, Mjomba kageuza, jibu ni chanya: kulia, ushindi, wazee na shati la pasi. Halafu nikaja mimi na imani yangu, nikafuta hasi moja.

"Geti la leo pia," nikanong'ona.

"Geti pia," Shemeji akakubali.

Mjomba alimzunguka polepole, kama anavyozunguka gari la mteja anayedai halijawahi kugongwa. "Kwa hiyo ulitaka ndege yako ishindwe."

"Ndege ina watu wengi wa kuilia, Mjomba. Mimi nilitaka wazee wangu waje."

"Mtu aliyeitupa ndege yake, mpwa wangu atashindwa kumtupa?"

"Ndege sikuipunguzia hata nati moja. Niliikaza kama kawaida. Nilitaka tu mkwepe panapoteleza, na hilo kila mwenye viatu kule analijua."

Mjomba akasimama. Jicho moja likawa dogo. "Na nani," akauliza, "aliyekwambia kwamba mimi nikiambiwa hiki nafanya kile?"

Chumba cha pili cherehani ikaanza kuunguruma kwa kasi ya ajabu. Nikachungulia dirishani. Dada alikuwa ameinama, anashona kwa bidii zote. Sindano haikuwa na uzi.

Mjomba aliisikiliza cherehani ile kwa muda. Kisha akarudi kwa Shemeji, na sauti yake ikawa laini, ile laini ya kutisha.

"Haya, mshauri wangu. Nishauri sasa. Nikuozeshe mpwa wangu, au nisikuozeshe? Jibu moja."

Lo! Hapo hata mimi niliweka chini nilichoshika. Akisema ndiyo, Mjomba ni yuleyule, atageuza. Akisema hapana, Mjomba keshajua mchezo, huenda akalichukua kama lilivyo. Cherehani ilikuwa kimya. Dada alikuwa amesimama dirishani na pini mdomoni, anamtikisia kichwa Shemeji: sema hapana, sema hapana, sema hapana.

Shemeji alimtazama Dada. Akaitazama ile ndoo ya oili chafu. Halafu akainua uso, akamtazama Mjomba machoni, kwa mara ya kwanza tangu ile zipu ya kwanza.

"Niozeshe, Mjomba."

Mkasi ukaanguka chumba cha pili.

Mjomba alikwenda kwenye bomba, akafungua maji. Akainua mkono juu ya dirisha, akaichukua ile sabuni, akaipuliza vumbi upande mmoja, akaanza kunawa. Povu lilitoka jeusi, kisha la kijivu, kisha jeupe. Mikono ilipotokea sikuitambua. Nimeishi na Mjomba tangu utotoni na sikujua kwamba kwenye kidole gumba ana kovu.

"Nilikwambia tukishindwa nitajua ulikuwa unakuja kufanya nini," akasema bila kugeuka. "Basi nimejua. Wazee wako waje kesho, mchana. Na mlango ni huu, hakuna wa nyuma, usije ukawaelekeza kinyume."

"Asante, Mjomba."

"Marahaba," Mjomba akasema, akimjibu ile shikamoo aliyoiacha imening'inia.

Shemeji alitoka akiwa anapiga hatua za mtu asiyeamini miguu yake. Kule dirishani Dada alikuwa anatafuta mkasi sakafuni, na ameanza kuutafuta mbali kabisa na ulipoangukia.

Mjomba akabaki bombani, akainusa mikono yake, kiganja kimoja, kisha kingine, ndita zikarudi mahali pake. "Unyoya," akaniita kwa sauti ya chini.

"Naam, Mjomba."

"Kesho asubuhi uniangalie hii ngozi. Ikianza kuwasha nataka nijue."

Akairudisha sabuni dirishani, palepale, na kabla hajaondoka akaigeuza, upande uliobakiwa na vumbi ukaangalia mlangoni, anayeingia adhani haijaguswa.